Siku Kumi za Fundi

Jengo lile lilikuwa na ghorofa nne na ngazi sabini na mbili, na asubuhi hiyo ya Jumatano Fundi alikuwa ameshazipanda zote mara tatu, tumbo mbele, mkono mmoja kiunoni na mwingine kwenye chuma cha kushikia. Wapangaji walimpisha. Mama mmoja aliyekuwa akishuka na beseni la nguo alimuuliza kama kuna kitu amesahau huko juu.

"Sijasahau kitu," Fundi alisema huku anahema. "Mimi napanda ili huyu ashuke."

Yule mama alicheka hadi beseni likataka kumponyoka. Fundi hakucheka. Mdomo wake ulikuwa umezoea kutania wateja na haukungoja ruhusa yake, lakini moyoni hakukuwa na mzaha hata kidogo. Aliposhuka mara ya nne alisimama mlangoni mwa chumba chake cha kushonea, pale chini kabisa, akasikiliza tumbo. Tumbo lilikaa kimya. Mtoto alijigeuza kidogo, kama mtu anayevuta shuka, akatulia.

Kadi yake ya kliniki ilisema mimba ina wiki arobaini na moja na siku tatu. Daktari alikuwa amemweleza bila kuzunguka: mtoto wa kwanza alitoka kwa upasuaji, kwa hiyo safari hii hawawezi kumwekea dawa ya kuanzisha uchungu, maana mshono wa zamani unaweza kuachia. Uchungu ukija wenyewe, vizuri, atajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Usipokuja, Ijumaa saa mbili asubuhi afike hospitali bila kula wala kunywa, apasuliwe.

Msije mkadhani aliogopa kisu. Mwanamke anayeshika mkasi kutwa nzima haogopi chuma. Kilichomkaa rohoni kilikuwa kingine, na hakuwa amemwambia mtu yeyote isipokuwa mkunga. Mtoto wa kwanza, binti wa miaka mitano waliyempa jina la utani la Kifungo, alizaliwa mama yake akiwa hajitambui. Walimchoma sindano ya mgongo mara mbili, ganzi ikagoma, mapigo ya mtoto yakaanza kushuka, wakamlaza kabisa. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshainama. Mtoto alikuwa ameogeshwa, amevishwa kofia ambayo Fundi hakuishona, na watu tisa walikuwa wameshamwona. Tisa! Aliwahesabu baadaye, mmoja mmoja, hadi mfagiaji wa wodi. Mama mkwe alikuwa ameshaamua kwamba masikio ni ya babu. Mawifi walikuwa wamegombania pua na kupatana. Fundi alipewa mwanawe akiwa mtu wa kumi, na watu wote chumbani wakimtazama waone atafanya nini.

Alimpenda, ndiyo. Alimpenda hadi leo kupita kiasi. Lakini kila alipokumbuka siku ile aliona pengo, saa sita nzima za maisha ya mwanawe ambazo wengine wote walikuwepo na yeye hakuwepo.

"Safari hii nataka niwepo," alimwambia mkunga. "Akitoka, wa kwanza kumwona niwe mimi. Basi. Sitaki kingine."

Mkunga alikuwa mwanamke mnene wa makamo, sauti ya chini, hana haraka na mtu. Hakumwambia kwamba ni upuuzi. Alimwambia atembee, apumzike, ale tende chache kila siku, na asimsahau mumewe. "Mumewe" alilitamka kwa namna ambayo Fundi alielewa. "Hayo hayamdhuru mtu," alisema, "na huenda yakasaidia kulainisha njia. Lakini nisikilize vizuri. Mafuta ya nyonyo, hapana. Mizizi, majani, hapana. Wewe una mshono. Hayo yakiamua kukaza tumbo hayajui kiasi."

Basi nyumbani ikawa kazi. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na wote walimwita Mwalimu, hata mama yake mzazi. Alichora jedwali kwenye karatasi kubwa, akalibandika ukutani jikoni: ngazi, tende, kuchuchumaa, kutembea, nanasi. Kila jioni alitia alama kwa kalamu nyekundu. Fundi alikula nanasi hadi ulimi ukachubuka. Alichuchumaa hadi magoti yakalia. Mtu fulani alisema pilipili, akala pilipili, akapata kiungulia cha siku mbili na hakuna zaidi. Ule ushauri wa mwisho wa mkunga nao Mwalimu aliuingiza kwenye jedwali, pamoja na saa, na Fundi alipouona umeandikwa pale kati ya kuchuchumaa na nanasi alicheka akaanguka kitandani, Mwalimu naye akacheka, wakacheka mpaka jambo lenyewe likashindikana.

"Weka alama nusu," Fundi alisema, akifuta machozi.

Ndipo Jumapili akaja mama mkwe, na mkoba, na ndani ya mkoba chupa.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, na atakayesema vinginevyo hamjui. Alizaa saba, wote kwa mafuta ya nyonyo, kwa maelezo yake mwenyewe. Alimpenda mkwe wake kwa nguvu, na upendo wake haukujua kubisha hodi.

"Mwanangu," alimwambia, "hao wa hospitali wanapenda kukata. Ni kazi yao, siwalaumu. Lakini kijiko kimoja tu cha haya, na kikombe cha chai juu yake, kesho tunapiga vigelegele."

"Mama, mkunga amekataza. Kwa sababu ya mshono."

"Mkunga amezaa wangapi?"

Fundi hakujua mkunga amezaa wangapi. Jumapili alikataa. Jumatatu alikataa. Jumanne alinyamaza. Jumatano alfajiri, baada ya kulala macho makavu akihesabu saa zilizobaki hadi Ijumaa, aliingia jikoni akamkuta mama mkwe anachemsha maji.

"Leo saa nane mchana," Fundi alisema. "Nikirudi kutoka kazini. Ikiwa sijaanza kuumwa, nitakunywa."

Mama mkwe alimkumbatia. Fundi alitoka, akaenda kazini kwake. Alijua anachokifanya. Alijua mkunga angesema nini. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa namna hiyo hushika chochote.

Sasa ilikuwa saa tano kasoro, ngazi hazijasaidia, naye akaketi kwenye kiti chake nyuma ya meza ya kukatia. Cherehani lilikuwa limefunikwa. Kazi zote zilikuwa zimekwisha na kutundikwa ukutani, zimepigwa pasi, kila moja na kikaratasi chake, kwa kuwa alikuwa amejipanga ajifungue wiki iliyopita. Alikuja tu kuwapa wenyewe nguo zao.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori, mtu mrefu anayeinama mlangoni hata penye nafasi. Alikuja kuchukua suruali mbili.

"Fundi, bado tu?" alisema, macho kwenye tumbo.

"Bado tu. Nipe kikaratasi chako, shemeji."

Alifungua daftari lake kubwa la kazi, lile lenye jalada la bluu, akatafuta jina kwa kidole. Dereva aliinama juu ya meza akasoma kwa kichwa chini, kama wateja wote wanavyofanya ingawa hakuna anayewaalika.

"Ah! Mbona umeniandikia tarehe nane? Leo kumi na nane. Mimi sijachelewa, Fundi. Kikaratasi chako mwenyewe hiki, kumi na nane. Usije ukaniambia suruali umewapa watu."

"Nani kakwambia umechelewa? Suruali hizo hapo juu. Daftari langu linawahi siku kumi, shemeji. Ndivyo ninavyojikimbiza. Nikiandika tarehe yako ya kweli nitalala, wewe utakuja, nguo haina hata pindo. Kwa hiyo humu ndani kila tarehe ya kukabidhi kazi, we ongeza kumi tu, ndiyo..."

Kidole chake kikasimama kwenye mstari.

Dereva alingoja. "Ndiyo nini?"

Mkono wa Fundi ulikuwa bado juu ya ukurasa. Ujanja ule ulikuwa na miaka minane, aliuanza mwaka aliochelewesha nguo za harusi, na ulifaa kwa sababu moja tu: alijilazimisha kuuamini. Alipofungua daftari, tarehe iliyoandikwa ndiyo ilikuwa mwisho wa dunia. Mteja akifika mlangoni, ndipo alipojumlisha kumi. Bila mteja hakujumlisha. Na siku ile kliniki, mimba ikiwa na miezi mitano, maana alikuwa amebanwa na kazi na hakwenda mapema, kulikuwa na foleni ndefu nyuma yake na muuguzi aliyechoka mbele yake. Muuguzi aliuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Fundi hakuikumbuka tarehe. Alichokumbuka ni kwamba ilikuwa siku aliyokabidhi sare ishirini na nne za wanafunzi wa uuguzi. Akatoa daftari mkobani, akafungua kwa haraka, akasoma kilichoandikwa.

Tarehe nne, alisema. Muuguzi akaandika nne.

Sare zile zilichukuliwa tarehe kumi na nne.

"Fundi, unaumwa? Niite mtu?" Dereva alikuwa ameshashika mlango.

"Siumwi," Fundi alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua kwa jinsi ilivyokuwa imara. "Siumwi kabisa. Shemeji, hata huyu hajachelewa."

Dereva alichukua suruali zake akaondoka akitikisa kichwa. Fundi alikaa akihesabu kwa vidole, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akiandika kwa chaki juu ya kitambaa chakavu. Arobaini na moja na siku tatu, toa siku kumi. Arobaini kamili. Leo hii, Jumatano hii, ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya mtoto. Wiki nzima alikuwa anamvuta mwanawe kwa nanasi na pilipili na ngazi sabini na mbili, na mtoto alikuwa ndani, wakati wake haujafika, anashangaa fujo hii yote ni ya nini. Na saa nane angekunywa yale mafuta. Alipofika kwenye wazo hilo alishika meza kwa mikono miwili. Aliona haya. Aliona haya kwa mtoto kwanza, kisha kwa mkunga.

Lakini haya hiyo haikumkalisha chini. Aliinuka. Kichwani alijua kwamba neno la mdomo halitatosha. Nani atamwamini? Kila mwanamke aliyeandikiwa kisu Ijumaa huja Alhamisi na tarehe mpya. Alihitaji kitu cha kuweka mezani.

Aliwasha simu akaanza kurudi nyuma kwenye picha, miezi na miezi, Kifungo akiwa hana meno ya mbele, Kifungo akiwa nayo, magauni, mashati, pindo za pazia. Akaipata. Wanafunzi ishirini na wanne wamevaa sare mpya nyeupe, wamejipanga mbele ya mlango huu huu, na katikati yao Fundi, anatabasamu kwa taabu, amejifunga sweta kiunoni wakati wa joto kali. Aliikumbuka sweta ile vizuri. Alikuwa amekaa juu ya kiti, akainuka, akaona damu ya mwezi, akafunga sweta haraka kabla wasichana hawajaingia. Chini ya picha simu ilikuwa imeandika tarehe yenyewe, bila kuulizwa. Kumi na nne.

Alifunga chumba, akaweka daftari kwapani, akaenda hospitali kwa miguu. Mwendo ulikuwa wa nusu saa kwa mtu mwepesi. Yeye alichukua karibu saa nzima, akipumzika kwenye ukuta wa shule, kisha kwenye benchi la kinyozi, kisha akijikaza. Mumewe alipopiga simu alimwambia aje hospitali na kikokotoo chake, na kwamba chai ya saa nane isichemshwe.

"Umeanza?" Mwalimu alipiga kelele.

"Sijaanza. Nimegundua kwamba wewe umekokotoa vizuri mwezi mzima kutoka kwenye namba mbovu. Njoo."

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kazi, na orodha ya Ijumaa ilikuwa mkononi mwake. Mkunga alikuwepo pia, anapanga glavu kwenye rafu. Fundi hakungoja kukaribishwa kiti. Aliweka daftari mezani, akalifungua kwenye sare, akaweka simu juu yake.

"Daktari, tarehe niliyowapa siyo. Kosa ni langu. Naomba unisikilize dakika tano, kisha useme utakalo."

"Mama," daktari alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha sikia kila kitu, "wengi hukumbuka tarehe nyingine wiki kama hii."

"Mimi sijakumbuka. Ninakuonyesha."

Akaeleza. Alieleza siku kumi, nguo za harusi zilizochelewa, foleni, muuguzi. Alieleza hadi sweta, na mwanamume kijana akiwa mbele yake, na hakuona haya hata chembe. Mwalimu aliingia akitweta katikati ya maelezo, akasikiliza, akageuka taratibu kumtazama mkewe, midomo ikitamka namba bila sauti. Daktari alitazama picha. Alitazama daftari, akageuza kurasa mbili tatu.

"Kwa nini mtu anajidanganya mwenyewe kwenye daftari lake?" aliuliza.

"Wewe saa yako ya ukutani hapo," Fundi alisema, "mbona inawahi dakika kumi na tano?"

Mkunga alikohoa ghafla, akainamia glavu zake. Daktari aliitazama saa, akaitazama ya mkononi, akakaa vizuri kwenye kiti. Kisha akavuta faili. Alisoma kipimo cha picha cha mimba ya miezi mitano, kidole kikipita mstari hadi mstari.

"Hapa tuliandika mtoto ni mdogo kwa umri wake," alisema polepole. "Kama wiki moja na nusu."

"Mkaniambia nile zaidi," Fundi alisema. "Nikala. Tazama nilivyo."

Daktari alicheka kwa mara ya kwanza. Kisha akaacha kucheka, na alichosema baadaye alikisema kwa uzito. Hataufuta mpango wote wa upasuaji, ataiondoa Ijumaa hii tu. Fundi atakuja kila baada ya siku moja, mapigo ya mtoto yasikilizwe na maji yanayomzunguka yapimwe. Mtoto akipunguza kucheza, aje saa hiyo hiyo. Damu au maumivu kwenye mshono, asingoje hata kuvaa viatu. Na Ijumaa ya wiki ijayo, kama hakuna kitu, hakuna daftari litakalosaidia.

"Nimekubali," Fundi alisema.

Walipotoka, mkunga aliwafuata hadi kwenye korido. "Na yale mengine?" aliuliza. Fundi alimwambia ukweli wote, na chupa, na saa nane. Mkunga hakupandisha sauti. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akaubana.

"Ungekuja hapa unavuja damu," alisema. "Ningekupokea, ningelia, halafu ningekugombeza. Usinifanyie hivyo."

Kumwambia mama mkwe ilikuwa kazi ngumu kuliko kumwambia daktari. Alikuwa ameketi jikoni, kikombe mezani, kijiko kimelazwa ubavuni mwa kikombe. Fundi aliketi mbele yake akamwambia kwamba hatakunywa, leo wala kesho, na kwa nini. Mama mkwe alinuna. Alisema basi na tungoje, sisi wazee tumekuwa hatujui kitu. Fundi alitaka kumwachia hivyo hivyo, kisha akaona hapana. Akamwambia habari za saa sita, na za watu tisa. Hakumlaumu. Alimweleza tu.

Mama mkwe alikiokota kijiko, akakirudisha mezani.

"Mimi ndiye niliyemvisha ile kofia," alisema mwishowe.

"Najua, Mama."

"Nilidhani nakusaidia."

"Najua."

Mama mkwe aliinuka, akamwaga kikombe kwenye sinki, akaanza kukisugua kwa nguvu ingawa hakikuwa na kitu cha kusuguliwa.

Siku zilizofuata Fundi hakupanda ngazi hata moja. Jedwali lilitolewa ukutani. Tende alizila kwa kuwa alizipenda, na jioni alitembea na Kifungo hadi kona na kurudi, bila kuhesabu hatua. Ule ushauri wa mkunga ulioshindikana, safari hii haukuandikwa popote, na haukushindikana. Ijumaa iliyokuwa ya kisu ilipita, akasikilizwa mapigo ya mtoto, akarudi nyumbani akalala mchana kutwa.

Jumatatu asubuhi, akiwa amesimama anakunja nguo, kiuno kilimkaza, kikamwachia. Aliendelea kukunja. Kikamkaza tena. Alipomaliza rundo zima alikuwa ameshika ukingo wa meza mara nne, na safari ya nne alisahau kupumua. Hakumwita mtu kwanza. Alisimama pale na nguo ya mtoto mkononi akasema kimoyomoyo, karibu, baba, au mama, yeyote uliye, karibu.

Hospitali walifika saa nne. Uchungu ulikuja wenyewe, bila dawa na bila kijiko, na haukuwa na simile. Fundi alitembea, aliinama, alimnyonga Mwalimu shingo, alimtukana mara moja akaomba radhi. Saa saba mkunga alimpima: njia ya uzazi imefunguka sentimita saba kati ya kumi. Saa tisa alimpima tena: saba. Daktari aliitwa, akasikiliza mapigo, akasimama miguuni pa kitanda bila kusema, na Fundi alijua kusimama kule kuna maana gani.

"Mtoto yu mzima?" aliuliza kati ya uchungu na uchungu.

"Mapigo ni mazuri. Mshono nao umetulia. Nakupa saa moja."

"Inatosha. Nishusheni kitandani."

"Mama, umechoka..."

"Nimechoka, ndiyo. Nishusheni."

Mkunga alitandika shuka sakafuni. Fundi alipiga magoti, akalaza mikono na kifua kitandani, kiuno kikayumba kushoto na kulia. Hapo hapo, akiwa amefumba macho, aliacha kupambana na uchungu. Ulipokuja aliupisha. Alimwambia mtoto kwa sauti, bila kujali nani anasikia, kwamba hakuna anayemfukuza tena, wala anayemvuta, yeye aje tu kwa mwendo wake, mama yake yupo macho, yupo, hatoki. Mwalimu nyuma yake alikuwa analia waziwazi. Dakika arobaini zilipita hivyo. Kisha sauti ya Fundi ikabadilika, ikashuka chini sana, na mkunga akasikia, akavaa glavu bila kumpima.

"Sasa," mkunga alisema. "Sasa ni wewe."

Alisukuma akiwa bado amepiga magoti. Ilimuuma kuliko alivyowahi kufikiri kitu kinaweza kuuma, na hakutaka kuwa mahali pengine popote duniani. Mtoto alitoka kwa kishindo kimoja, mkunga akamdaka, akampitisha kati ya magoti ya mama yake hadi mbele, akamlaza juu ya shuka pale pale, uso chini kidogo, mgongo juu, ana damu na utando mweupe, bado hajafutwa na mtu.

Nje ya mlango mama mkwe aliuliza kwa sauti ya kutetemeka kama kuna usalama. Mlango hakuugusa. Daktari alikuwa ameangalia upande mwingine, anaandika saa. Mwalimu alikuwa na kiganja machoni. Mkunga alikuwa amevuta kitambaa cha kufutia, lakini hakukitumia bado. Alirudisha mikono yake magotini akangoja.

"Haya, Fundi," alisema. "Daktari anataka kuandika. Mimi sijaangalia. Tuambie umepata nani."

Fundi alimgeuza mwanawe kwa mikono yake miwili. Mtoto alivuta pumzi, akakunja uso, akalia, kisha akafumbua macho akamkodolea, kwa ukali kabisa, mtu wa kwanza kumwona. Fundi alimtazama. Alimtazama paji, na vidole, na kidevu, na hakufanya haraka, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Ndipo akainua kichwa akasema kwa sauti ya kumfikia aliye nje ya mlango:

"Andikeni mvulana. Na masikio ni yangu."